Kidole Kilichongoja Pete

Mjukuu wangu ni msusi. Alijikata kidole cha pete, kwa ndani, pingili ya katikati, akiosha glasi yenye ufa. Nilimsafisha kwa maji ya chumvi, nikamfunga kitambaa, nikamwambia kidonda chenyewe hicho si cha kupangia foleni hospitali. Baada ya siku kumi kikafunga, nami nikajisifu kwa majirani.

Mchana mmoja alipojilaza mkekani, niliutazama mkono wake. Vidole vingine vilijikunja kidogo, kama vya mtu yeyote aliyelala. Ncha ya kile cha pete ilinyooka. Niliiona, nikacheka. Alipoamka nikamwambia, "Mke mwenzangu, kidole chako kimesimama kinangoja pete." Utani ukashika nyumba nzima. Kila alipolalamika kwamba mafungu ya nywele yanamponyoka, tulimuuliza mchumba yuko wapi.

Mwezi wa pili tangu ajikate, wateja wakaanza kumkimbia, ndipo tukaenda hospitali. Daktari, mama wa makamo, alisugua viganja vyake vipate joto kabla ya kumshika. Akaulaza mkono mezani, akautazama tu. Kisha akavishikilia vidole vingine vikiwa vimenyooka, akamwambia akunje kile kimoja. Kikakunjika katikati, moyo wangu ukatulia. Halafu akaishika pingili ya katikati isitikisike, akamwambia akunje ncha peke yake. Mjukuu wangu alikaza uso mpaka jasho likamtoka. Ncha haikusogea.

Daktari akatueleza polepole kwamba kidole kina kano mbili za kukikunja. Moja ilikuwa nzima. Ile ya ncha ilikatika siku ileile, ikajivuta kurudi kiganjani.

"Wiki ya kwanza tungeishona," akasema. "Sasa siwezi kuwaahidi. Hakuna aliyeona kwamba kimenyooka?"

Nilifungua mdomo. Mjukuu wangu akanitangulia.

"Hapana, daktari. Bibi alikitunza vizuri, hata usaha hakikutoa."



Jumamosi alinisuka, kama kawaida yake. Fungu moja lilimponyoka mara tatu, akalianza upya. Kila mstari ulipofika kisogoni, ile ncha ngumu ilinigusa shingo.

"Nakuumiza, bibi?"

"Hapana. Mimi nilikiona, mke mwenzangu. Nilikiona, nikacheka."

Mikono yake ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

"Najua, bibi. Inamisha kichwa."