Muuaji Mwenye Barua

Mimi ndiye katibu wa LC, yaani baraza la kijiji chetu, nyuma ya soko la Bwera, na asije mtu kuniambia kwamba sijui kazi. Miaka kumi na mmoja nimeutunza muhuri. Mwenyekiti wetu, mzee Kosiya, ni mtu wa Mungu, lakini ukimpa muhuri ataupoteza kabla ya chai ya saa nne. Kwa hiyo unakaa kwenye mkoba wangu, na anayetaka barua ananitafuta mimi, Eseri.

Kwetu huendi popote bila barua. Ukihama, barua. Ukienda kukaa kwa shemeji yako siku tatu, barua. Mwaka wa 2015, haya yalipotokea, ndiyo usiseme, maana vurugu za mwaka uliotangulia zilikuwa zimewafanya wakubwa wamtilie shaka kila mgeni. Askari aliyekukuta na gunia la bangi alikaa nawe kivulini mkaelewana. Aliyekukuta huna barua ya mwenyekiti wako alikuweka ndani mpaka Jumatatu.

Jambo hilo alilielewa kuliko wote Kanyesigye wa Kasese, ambaye vijana wake walimwita Mkurugenzi. Bangi yote iliyovutwa mitaa ya Nyamwamba, pale Kasese, ilikuwa yake. Ilitoka Congo, ikavuka kwetu Bwera mikononi mwa Twaibu, ikapelekwa Kasese chini ya mihogo. Wakubwa hao wawili walisikilizana miaka mingi, mpaka wateja wa Kasese walipoanza kulalamika kwamba wanavuta na kuambulia kikohozi tu. Magunia yakafunguliwa. Nusu ya kila gunia ilikuwa majani makavu ya migomba.

Kanyesigye akachoma pikipiki mbili za Twaibu. Twaibu akamrudishia mjumbe wake akiwa na sikio moja. Kijana mwingine akachomwa kisu mchana kweupe kwenye stendi ya Kasese, akafa akiwa ameshika soda. Miezi minne mizima watu wazima, wenye wake na watoto shuleni, walikatana mapanga kwa sababu ya majani ya migomba.

Mwishowe wakapatana. Hajara, aliyewapikia siku hiyo, ndiye aliyenisimulia. Walikutana katika hoteli moja ya Kasese, wakafungua kwa sala, wakachagua mwenyekiti wa kikao na mtu wa kuandika kumbukumbu, wakala mbuzi. Walipofika kwenye mengineyo wakakubaliana kwamba wao wenyewe hawana kosa lolote. Kosa ni la aliyepakia magunia. Twaibu, ambaye ndiye aliyeamuru majani yachanganywe, alitikisa kichwa kwa masikitiko makubwa akamtaja mpakiaji kwa jina. Wakapeana mikono. Amani ilikuwa imepatikana, kilichobaki ni kumuua huyo mtu tu.

Mpakiaji huyo alikuwa Semu, mdogo wangu.

Baba yetu alitoka Kabale kuja kuchimba shaba, akafa na kifua chake kibovu, mama naye akamfuata. Semu nilimlea mimi. Nilimfulia nepi, nikamlipia karo, na alipofika miaka ishirini na saba bado alikuwa akija kula kwangu na kulalamikia chumvi. Alikuwa kichwa maji, mvivu, mwongo, na nilimpenda kuliko watu wote duniani.

Muuaji alikuja Jumanne saa tatu asubuhi. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi. Alivua kofia mlangoni, akasubiri nimkaribishe, kisha akanikabidhi barua kwa mikono miwili. Ilitoka kwa mwenyekiti wa LC ya kwao Kasese, muhuri umekaa sawasawa: Anayeleta barua hii, Byaruhanga, ni mkaaji wetu mwenye tabia nzuri. Anakuja kwenu kwa kazi ya siku mbili. Tafadhali msaidieni.

"Kazi gani?" nikamuuliza, maana daftari la wageni lina safu ya kazi na siachi safu tupu.

"Ya kampuni, mama. Iko mtu moja inaitwa Semu Tumwine. Natafuta yeye, namaliza, narudi."

"Unamaliza nini?"

Akaangalia viatu vyake. "Mkurugenzi alisema, LC usidanganye hata siku moja. Usipoambia LC, watu wanapiga yowe, wanakuua bure kama mwizi. Ni yeye ndiyo namaliza, mama."

Alikuwa akimtaja mdogo wangu mbele yangu. Lakini kwetu magharibi mwa Uganda kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, si la baba. Mimi ni Eseri Kukunda, Semu ni Semu Tumwine, na hakuna mgeni anayeweza kujua kwamba tulinyonya titi moja. Nikachukua kalamu. Nikaandika kwenye safu ya kazi: Biashara.

"Mwenyekiti hayupo," nikasema. "Ameenda msibani Karusandara. Kabla hajakuona, mgeni haruhusiwi kumuulizia mkaaji wetu yeyote. Tena hapa sioni picha zako mbili ndogo."

Hakuna sheria kama hiyo. Niliitunga palepale, na sijawahi kutunga kitu kizuri zaidi. Byaruhanga alinishukuru, akaomba kuelekezwa kwa mpiga picha. Kabla hajaondoka alitoa panga jipya lililofungwa gazetini, akaniomba nimhifadhie ofisini, maana hakutaka kutembea nalo kijijini watu wakaogopa.

Nilikwenda mbio kituo cha polisi. Afande alikuwa akila karanga.

"Mutu amekufa?" akauliza.

"Bado, afande. Kuna mgeni amekuja kumuua mdogo wangu."

"Bado! Sasa mimi nafungua faili ya nini? Leta maiti kwanza, mama. Na huyo mgeni, iko na barua?"

"Anayo."

"Basi! Sasa unasumbua serikali ya nini? Toka!"

Semu nilimkuta kitandani, jua likiwa utosini. Nilipomweleza, alicheka mpaka akakohoa. "Dada, mutu ya kuuliza ruhusa kwa LC, ataniua namna gani? Huyo iko mwoga." Nilimzaba kofi. Sikuwa nimempiga tangu akiwa darasa la sita, na machozi yalinitoka mimi kabla yake. Nikatoa karatasi kwenye mkoba nikamwandikia barua pale pale kitandani, kwa mwenyekiti wa Kasenyi, kule ziwani ambako nilijua mtu anaweza kupotelea kati ya mitumbwi na wachuuzi wa samaki: Anayeleta barua hii ni mkaaji wetu mwenye tabia nzuri. Nikagonga muhuri. Saa nane alikuwa nyuma ya bodaboda, amebeba shuka langu jipya.

Byaruhanga alisubiri siku nne. Naona aibu kusema hivi, lakini ofisi yetu haijawahi kupata mtu kama yule. Alifagia uwanja bila kuambiwa. Alikaza bawaba ya mlango iliyomshinda mzee Kosiya tangu uchaguzi. Wazee waliokuja kutafuta barua aliwapisha kwenye benchi, na mama mmoja mwenye mguu mbaya alimbebea maji mpaka nyumbani. Aliniambia kwamba alikuwa akivunja mawe ya saruji, wakampunguza kazini, na ana msichana anaitwa Atukunda anayesoma darasa la tatu. Siku ya tatu nilimpikia chai, huku panga lake likiwa chini ya meza yangu, na nikajikuta nikifikiri kwamba laiti Semu angekuwa na nusu ya adabu ya mtu huyu.

Jumamosi mzee Kosiya akarudi. Alitazama uwanja, akafungua na kufunga mlango mara tatu, akampenda mgeni palepale.

"Huyu mutoto iko na malezi," akasema. "Alikuja kufanya nini?"

"Kutafuta mtu, mzee," nikajibu. "Na mtu mwenyewe hayuko tena."

"Pole sana, kijana."

Byaruhanga hakukasirika. Aliomba kitu kimoja tu. "Mzee, mama, naomba barua. Mkurugenzi atasema nilikunywa pombe tu. Niandikieni kwamba nilifika, nikatafuta, mtu hakuna."

Niliandika kwa furaha ambayo nilikuwa nikiificha kwa kuinamia karatasi. Aende, asirudi! Mzee Kosiya alikuwa amesimama nyuma yangu akisema niongeze hili na lile, kwamba ni mwenye tabia nzuri, kwamba amekaa kwetu kama mtoto wetu, kwamba popote aendapo apokewe. Na juu kabisa, kama tulivyozoea kuandika barua tusiyojua itasomwa na nani, niliweka: Kwa Yeyote Anayehusika. Nikagonga muhuri, nikamrudishia panga lake, nikamtakia safari njema.

Wiki tatu nililala usingizi mzito. Na ndugu yangu, kule Kasenyi? Ungedhani mtu aliyeponea chupuchupu angejifunza kuvua samaki. Semu alianza kuwauzia wavuvi bangi. Na kwa kuwa ilikuwa haba, akaichanganya na majani ya migomba. Wachuuzi wa samaki waliipeleka Kasese habari ya bangi inayokohoza watu ziwani, na Kanyesigye hakuhitaji kuambiwa ni kazi ya nani.

Mwenyekiti wa Kasenyi, mzee Mumbere, aliuleta mwili mwenyewe kwa pikapu, umefunikwa turubai na kuzungushiwa shuka langu. Twaibu alituma sukari na risala ndefu, ikasomwa kaburini, ikimwita marehemu nguzo ya vijana. Afande alikuja na faili mpya. Watu walipoondoka, mzee Mumbere alibaki, akakaa karibu nami kwenye mkeka. Alikuwa akilia, mzee mzima.

"Mama Eseri, nisamehe. Ni mimi ndiyo niliwaweka pamoja."

"Kina nani, mzee?"

Akatoa karatasi mbili mfukoni, akazikunjua juu ya goti lake. "Huyu wa kwanza alikuja na barua yako, nikamupa chumba. Wiki ya nne akaja mwingine. Na yeye iko na barua. Muhuri ni ule ule, mukono ni ule ule wako. Nikasema, hawa ni watu ya Bwera, ni ndugu, wanajuana. Ugeni ni kitu mubaya. Nikamupeleka mwenyewe, nikamufungulia mulango. Semu alikuwa amelala. Huyu mugeni akaniambia, asante mzee, usimwamushe."

Simu yangu ililia, ujumbe umeingia. Namba sikuijua, lakini mwandishi alikuwa amejitambulisha kwa jina kamili na kijiji anakokaa. Mama, nimesikia leo kwamba alikuwa mdogo wako. Sikujua, majina haifanani. Pole sana. Mungu akutie nguvu.

Nilimpa mzee Mumbere simu aisome. Kisha nikazichukua zile barua mbili. Zote ni mwandiko wangu, mzuri, uliolala upande mmoja kama walivyotufundisha. Zote mbili zinasema mwenye tabia nzuri. Kwa Semu, mdogo wangu niliyemlea, niliandika hivyo huku nikijua nadanganya. Kwa yule mwingine niliandika kwa moyo wangu wote.