Kanyiva Alivyokataa Kulia

Filamu yangu ya kwanza inaitwa *Mpaka wa Mkonge*. Ina dakika hamsini na mbili, na huenda hujawahi kuisikia. Imeonyeshwa mahali saba tu. Hata hivyo, mtu akiniuliza ni kazi gani ninayojivunia, naitaja hiyo kabla hajamaliza swali.

Tuliipiga Kilungu kwa siku kumi na moja, watu watatu: mimi Ilham, niliyetoka Kitui mjini na hadithi niliyoiandika mwenyewe, Githaiga, mpiga picha, na Mulinge wa sauti, ambaye siku za upepo aliivisha maikrofoni soksi ya sufi. Hadithi ilihusu mjane ambaye shemeji zake wanakuja kumfukuza shambani.

Mjane huyo nilimpata sokoni Mukuyuni akiuza machungwa, akimkatalia mteja msumbufu bila kupandisha sauti. Aliitwa Kanyiva, ingawa pale sokoni kila mtu alimwita Mama Mutanu, kwa jina la binti yake wa kwanza. Hakuwa ameigiza hata mara moja.

Siku ya nane tulifika kwenye onyesho kubwa. Nilikuwa nimeandika kwamba shemeji wakiingia uani, mjane anapiga magoti, analia, anawasihi. Kanyiva alisikiliza maelezo yangu mpaka mwisho.

"Hapo sitalia," akasema.

"Mama Mutanu, ndivyo hadithi ilivyo."

"Basi hadithi imekosea. Hawa watu wamekuja kuona machozi. Nikiwapa, wameshinda."

Tulibishana karibu saa nzima. Mimi nilikuwa na shahada ya filamu, na nilidhani hiyo inatosha kumaliza mabishano. Mwishowe nikamwambia afanye anavyotaka, tupige mara moja, kisha tupige yangu.

Githaiga akawasha kamera. Wanaume watatu wakaingia uani. Kanyiva akawatazama, akaingia nyumbani, akatoa viti vitatu na kuvipanga kivulini. Akawaletea chai. Kisha akachukua jembe, akaenda kwenye mahindi yake kando ya ua, akaanza kupalilia akiwa amewapa mgongo. Wale waigizaji hawakujua la kufanya, maana hakuna aliyewaambia. Mmoja alishika kikombe, akakirudisha chini. Baada ya dakika nne wakainuka mmoja mmoja, wakaondoka. Nilisahau hata kusema "kata".

"Ulijuaje?" nikamuuliza tulipokuwa tukikunja nyaya.

"Shemeji zangu walikuja kwangu hivyo hivyo, mwaka aliokufa mume wangu Muindi. Walikunywa chai wakaenda. Machungwa ninayouza yanatoka kwenye shamba hilo."

Niliuchana ule ukurasa wangu. Onyesho la magoti hatukulipiga kamwe.

Miezi sita baadaye, kampuni moja ya Nairobi ilitaka kuisambaza filamu nchi nzima, kwa sharti moja: turudi Kilungu, mjane alie, ili watazamaji waguswe. Githaiga alinisihi nikubali. Nilimpigia Kanyiva simu.

"Filamu ni yako," alisema. "Mimi langu nilishasema."

Niliwajibu wale watu kwa sentensi moja: onyesho halibadiliki. Hawakuniandikia tena. Niliumia kwa wiki mbili hivi, lakini sikujuta.

Jumamosi moja alasiri tuliionyesha katika ukumbi wa kanisa Mukuyuni, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mablanketi. Kanyiva aliposhika jembe, wanawake waliinuka kwenye mabenchi wakaanza kumwelekeza: "Usigeuke, mama! Lima tu!" Mwenyewe alikuwa ameketi mbele, anatafuna njugu na kucheka.

Watu walipotoka alinivuta kando. Nikajiandaa kupokea pongezi.

"Pale mwanzo umenitembeza sana," akasema. "Mwenye shamba hazururi."

Alikuwa sahihi. Nilirudi nikakata dakika mbili.

Filamu ya pili tunaiandika pamoja, kila Alhamisi, siku ambayo hana soko. Tunabishana sana, na siku nyingine mimi ndiye hushinda.