Seli Zilizorudi Nyuma

"Wafanyakazi wote wa maabara wanatangaziwa kwamba, kuanzia Jumatatu, mlango wa jokofu la pili utafungwa kwa mikono miwili." Tangazo hilo la Kamati ya Ubora lilikuwa na mihuri miwili, nalo lilibandikwa juu ya jingine lililokataza kubandika matangazo kwenye jokofu.

Kamati hiyohiyo ilikuwa imempa shemeji yangu barua ya onyo, kwa ushahidi wangu.

Shemeji, dada mkubwa wa mke wangu, ni fundi wa darubini. Humimina kwenye visahani jeli inayoigiza tishu za mwili, akapanda ndani yake seli za uvimbe wa saratani, kisha akazipiga picha zikijipenyeza. Mimi huandika programu ya kompyuta ya kuiga safari hiyo. Seli zangu zilivuka tishu kwa saa sita. Zake zilikwama katikati.

"Shemeji, hizo seli zako hazihemi?" aliniuliza mbele ya wenzetu. "Mimi nikipanda ghorofa mbili tu, natafuta pa kukaa."

Walicheka. Nikasema jeli yake ilikuwa ngumu kwa uzembe wa vipimo, nikaliandika hilo kwenye ripoti kwa Kamati.

Mwezi mmoja baadaye niliona kosa. Ili kuipunguzia kompyuta kazi, nilikuwa nimeunga ukingo wa kushoto wa tishu na ule wa kulia. Seli iliyoogopa, ikarudi nyuma na kutoka kwa ukingo uleule ilikoanzia, iliibuka upande wa pili, nami nikaihesabu kuwa imevuka. Zilizokimbia ndizo zilizokuwa washindi wangu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa duara.

Nilinyamaza siku tisa. Siku ya kumi nilimkuta akipima unga wa jeli kwa mara ya tatu, midomo ikihesabu.

"Hebu niangalizie mizani, shemeji," alisema. "Siku hizi siamini mikono yangu. Na mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi. Mwenye barua ya onyo haongezewi."

Nikamweleza. Hakuinua macho.

"Kwa hiyo jeli ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa sawa."

"Na Jumapili ulikula kwangu, ukaomba uongezewe."

"Niliomba."

Alifunika kopo la unga taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Ningependelea anitukane.

Jioni hiyo niliiandikia Kamati kurasa mbili, nikikiri kosa na kuomba barua ifutwe. Jibu lilikuja siku moja kabla ya mkataba wake kwisha:

"Kamati inampongeza mtafiti kwa uaminifu wake. Kwa kuwa malalamiko hufutwa ndani ya siku saba tu tangu yawasilishwe, barua ya onyo itabaki kwenye jalada. Ili kuzuia hali hii isijirudie, Kamati imeamua kwamba kuanzia sasa jeli itamiminwa mbele ya mashahidi wawili."