Viraka Ukutani

Zaitun alipostaafu ualimu, watu wa Gungu walidhani atabaki mtaani kwake afungue duka la daftari na kalamu kama wenzake. Yeye akasema anakwenda Kidahwe kuifufua nyumba ya shamba ya marehemu baba yake, Mzee Mwinshehe. Ilikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne na baraza pana, juu ya kilima katikati ya michikichi, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka barabara ya Kasulu. Tangu mzee afariki, miaka kumi na mmoja iliyopita, haikulala mtu.

"Dada, mle wamebaki popo tu," alisema mdogo wake Dadi, mfanyabiashara wa dagaa. "Uza, tugawane, tupumzike."

"Popo nao wana pa kwenda," Zaitun alijibu. Wiki iliyofuata akapanda bodaboda na godoro lake mgongoni mwa pikipiki ya pili.

Fundi aliyempata aliitwa Meshack, mtu wa Kasulu, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa maneno. Siku tatu za kwanza walishughulika na paa. Walipong'oa mbao za dari chumba cha pili, wakakuta nyuki wamejenga ukuta mzima wa masega juu ya kenchi, na asali imetiririka mpaka kwenye matofali. Meshack alishuka ngazi kwa kuruka. Ikabidi aitwe mrina asali wa kijiji, na kutwa nzima kazi ikasimama. Zaitun alifurahi kama mtoto. Nyumba iliyoficha asali, alijiambia, haiwezi kuwa nyumba mbaya.

Siku ya nne ndipo alipoona viraka.

Vilikuwa katika chumba alichokuwa akilala baba yake. Lipu ya zamani ilikuwa ya kijivu, imepasuka kama udongo wa kiangazi. Lakini chini, usawa wa goti, palikuwa na miraba midogo ya lipu iliyo nyeupe zaidi. Alihesabu saba. Mmoja ulikuwa bado unaacha vumbi la saruji kidoleni.

"Hivi vya nani?" alimuuliza Meshack.

Meshack akachuchumaa, akagonga kwa kipini cha nyundo. "Hivi si vya mvua, mwalimu. Mtu ametoboa, akaangalia, akaziba. Na hiki cha mwisho hakijamaliza hata miezi miwili." Akapunguza sauti ingawa walikuwa wawili tu. "Mjerumani alipita huku. Wanasema alipokimbia aliacha vitu vyake ukutani."

"Nyumba hii Mjerumani hakuiona, Meshack. Ni ya juzi."

"Mimi nasema wanavyosema."

Mtu mmoja tu alikuwa na ufunguo wa nyumba ile miaka yote: Mzee Selestini, mlinzi. Alikuwa na karibu miaka sabini, mrefu, mkavu, haongei mpaka aongeleshwe. Zaitun alimfahamu tangu mwaka baba yake alipomwajiri, na katika miaka yote hiyo hakukumbuka kumwona akicheka. Aliishi bondeni na mkewe Merina katika nyumba ya udongo. Kila asubuhi alipanda kilima, akafagia uwanja, akakaa kwenye ngazi za baraza akiwa ameipa nyumba mgongo.

Asubuhi iliyofuata Zaitun akamfuata pale pale.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Mwakeye," aliongeza salamu ya Kiha.

"Mzee, chumbani kwa baba kuna mahali pametobolewa, pakazibwa. Unajua habari zake?"

Selestini aligeuzia macho michikichi. "Panya," alisema.

"Panya wanapiga lipu?"

"Niliziba mashimo ya panya."

Zaitun alikuwa amefundisha watoto miaka thelathini na sita. Alimjua mtu anayeficha kitu kwa namna anavyoacha kukutazama, na mzee yule hakuwa amemtazama hata mara moja.

Tangu hapo hakupata raha. Alianza kufunga chumba cha baba yake kwa kufuli jipya. Kila alipomwona Selestini anaongea na Meshack, akajiuliza wanapanga nini. Kila Meshack alipowahi kazini kabla ya saa yake, alijiuliza kimemleta nini mapema. Aliposimama dukani barabarani kununua chumvi, wanawake walinyamaza, kisha mmoja akauliza kwa utani kama amekwisha kuiona mali ya Mjerumani. Wakacheka. Zaitun hakucheka. Akawa anafikiri: mlinzi analinda nini miaka yote hii, mshahara wenyewe ulisimama baba alipokufa, na bado anakuja kila asubuhi?

Jumatano moja aliaga anakwenda mjini kununua misumari na rangi, na Meshack akaenda kwenye msiba kwao. Zaitun alifika barabarani, akasubiri usafiri nusu saa, kisha akakumbuka amesahau miwani. Akarudi kilimani. Alipokaribia baraza akasikia mlio: tindo juu ya tofali, taratibu, kama mtu anayebisha hodi bila kutaka kusikika.

Kufuli jipya lilikuwa limening'inia likiwa bado limefungwa, komeo lake limeng'olewa skrubu kwa ustadi. Selestini alikuwa amepiga magoti chumbani kwa baba yake, tindo mkono mmoja, nyundo mkono mwingine, mbele yake shimo la nane.

"Panya?" aliuliza Zaitun.

Mzee alisimama polepole, akijishika kiuno. Hakuomba radhi wala hakutetemeka. Hilo ndilo lililomuudhi Zaitun kuliko shimo lenyewe.

"Unatafuta nini katika nyumba ya baba yangu?"

"Nikikwambia utanisaidia kutafuta?"

"Nitakuitia polisi."

Selestini alitoa ufunguo wa zamani mfukoni, akauweka juu ya dirisha. "Basi naondoka. Si mara ya kwanza kutolewa humu." Akapita mlangoni akiinamisha kichwa, na Zaitun akasikia hatua zake zikishuka kilima bila haraka.

Maneno yale yalimkaa. Mtu hutolewaje mara mbili katika nyumba ambayo hakuwahi kulala? Akaketi juu ya ndoo ya rangi, akavitazama viraka. Vyote vilikuwa chini, kana kwamba mtafutaji aliambiwa atafute mahali anapofikia mtu aliyelala kitandani. Lakini Selestini hakujua kitanda kilikaa wapi kabla hakijaondolewa. Mzee Mwinshehe hakuwahi kumruhusu mfanyakazi kuingia chumbani kwake. Zaitun alijua. Kilikaa pembeni, kichwa kikielekea kabati kubwa la mninga lililojengewa ukutani, lile ambalo Meshack alisema hataligusa mpaka apate watu wa kuling'oa.

Akafungua kabati. Mbao ya nyuma, chini kabisa, ilishikwa na misumari miwili tu iliyokwisha kulegea. Akaing'oa kwa mikono. Nyuma yake palikuwa na tofali lisilo na udongo pembeni. Lilitoka kama droo.

Ndani palikuwa na kopo la maziwa ya unga, na ndani ya kopo karatasi mbili za daftari zilizokunjwa mara nne. Mwandiko ulikuwa wa baba yake, ule wa kuinamia kulia. Zaitun akasoma akiwa amesimama, kisha akakaa, akasoma tena.

"Mimi Mwinshehe bin Kasimu wa Ujiji nakiri mbele ya Mungu kwamba nyumba ya matofali na shamba la michikichi hapa kilimani ni mali ya Pastory Ndabaniwe, aliyeijenga kwa mikono yake. Kwa kuwa watu wanahamishiwa kijijini na nyumba za mashambani zinabomolewa, ameniandikisha mimi, mtu wa mjini nisiyehamishwa, kwa jina tu, ili isivunjwe. Mambo yakitulia nitamrudishia, yeye au wanawe." Chini palikuwa na sahihi ya baba yake, dole gumba la Pastory, na mwaka: 1974.

Angeishia hapo angepata la kumtetea baba yake. Pengine mambo hayakutulia. Pengine Pastory alihama. Lakini nyuma ya karatasi ya pili palikuwa na mistari mingine, kila mmoja kwa wino wake.

"1979. Kaja Pastory. Nimemwambia karatasi imepotea."

"1984. Kaja tena Pastory. Nimemwambia hivyo hivyo."

"1991. Pastory amefariki. Sikwenda kuzika."

"1996. Kaja mwanaye Selestini. Nimempa kazi ya ulinzi."

Baba yake alikuwa mtu wa swala tano. Ndiye aliyemfundisha kusoma, kwa kijiti, kwenye mchanga wa nje ya nyumba yao Ujiji. Zaitun alijaribu kumwona amekaa pembeni mwa kitanda chake, anatoa tofali, anaandika uongo wake kwa mwandiko mzuri, analirudisha tofali, analala. Hakuweza kumwona, na hakuweza kuacha kujaribu.

Alimpigia Dadi, akamsomea yote.

"Umemwonyesha mtu?" ndilo swali la kwanza la mdogo wake.

"Bado."

"Basi choma, dada. Washa kiberiti sasa hivi, mimi nikisikia. Baba mwenyewe ameshindwa kuirudisha nyumba, wewe ni nani?"

"Unajua kwa nini alishindwa kuichoma?"

"Sijui, na sitaki kujua. Ukitoa hiyo karatasi unamtoa baba kaburini umwaibishe mbele ya watu. Ukifanya hivyo usinipigie tena."

Zaitun alikata simu. Kiberiti kilikuwepo jikoni, na hatasema uongo, alikwenda akakiangalia. Kisha akalifunga kopo kwenye kitenge, akashuka bondeni.

Selestini alikuwa uani kwake anapukuchua mahindi. Merina, mkewe, alipomwona mgeni aliingia ndani bila kusalimia. Zaitun akatoa karatasi, akamnyooshea. Mzee hakuipokea.

"Ni nini?"

"Ndicho ulichokuwa unatafuta."

"Wewe umekijuaje ninachotafuta?" Macho yake yalikuwa makali sasa, na kwa mara ya kwanza yalimtazama moja kwa moja. "Asubuhi unaniitia polisi, mchana unaniletea karatasi. Unataka nitie dole wapi?"

"Hakuna pa kutia dole, mzee. Soma."

"Baba yangu naye aliambiwa hakuna shida. Akatia." Akaendelea kupukuchua mahindi. "Alituambia siku zote: Mwinshehe hawezi kuichoma ile karatasi, anamwogopa Mungu. Na hawezi kuitoa, anaipenda nyumba. Itakuwa mle mle ndani, karibu na anapolala. Nimekaa ulinzi miaka yote kwa neno hilo moja. Sasa unaniambia umeiona kwa siku moja?"

"Nililijua kabati."

Mikono ya mzee ilisimama. Lakini hata hivyo hakuigusa karatasi. "Kesho," alisema, "mbele ya mwenyekiti. Na uje nayo wewe. Mimi sitaishika peke yangu, nisije nikaambiwa nimeiandika."

Usiku ule Zaitun aliweka kopo chini ya mto. Hakumwogopa mwizi. Alijiogopa mwenyewe.

Ofisi ya kijiji ilijaa, maana Meshack aliporudi kutoka msibani alikuta tofali limetoka ukutani, akawaambia watu mwalimu amepata dhahabu. Mwenyekiti alisoma karatasi kwa sauti. Alipofika nyuma, kwenye mistari ya miaka, alisita, akamtazama Zaitun kama anayeomba ruhusa.

"Soma yote," alisema Zaitun.

Selestini akataka isomwe mara ya pili, na mtu mwingine. Ikasomwa. Wazee wawili waliomkumbuka Pastory walisimama kushuhudia kwamba ndiye aliyefyatua matofali yale, wao wakiwa vijana wa kumchotea maji. Zaitun akaandika kwa mkono wake kwamba yeye hana dai. Dadi hakuja, na baraza la kijiji likaandika kwamba ana nafasi ya kupinga. Hakupinga, ila hakumpigia dada yake simu mpaka Idi, na hata siku hiyo walizungumza habari za watoto tu.

Siku ya kuhama, Zaitun alikunja godoro, akafunga sanduku lake. Paa jipya lilikuwa limefika nusu ya nyumba. Meshack alimnong'oneza kwamba mabati ni yake, kisheria anaweza kuyashusha. Alimwambia apigilie yaliyobaki.

Selestini alikuwa amesimama kwenye ngazi za baraza, safari hii uso wake ukiielekea nyumba. Zaitun alipompita, mzee alinyoosha mkono, akagusa sanduku.

"Samahani, mwalimu. Fungua."

Meshack aliguna kwa hasira. "Mzee! Huyu amekupa nyumba!"

"Hajanipa. Imerudi," alisema Selestini. "Fungua, tafadhali."

Zaitun alipiga magoti kwenye vumbi, akafungua. Mzee aliinua nguo moja moja, akachungulia kati ya vitabu, akapapasa mifuko ya pembeni. Alifanya hivyo bila haraka na bila dharau, kama mtu anayetimiza jambo alilojiapia zamani. Alipomaliza alizikunja nguo upya, vizuri kuliko zilivyokuwa, akafunga zipu.

"Haya," alisema. "Nenda salama."

Alimbebea sanduku mpaka barabarani. Bodaboda ilipofika, Selestini alilifunga sanduku kwa mpira, akalitikisa kuona kama limekaza, kisha akageuka na kuanza kupanda kilima.