Jezi za Sabuni ya Msabah

Timu ya mume wangu Simai ilikuwa ikivaa jezi za manjano, na kifuani zimetariziwa kwa uzi wa buluu: SABUNI YA MSABAH. Msabah alikuwa tajiri wa Darajani, mwenye kiwanda cha sabuni za miche. Yeye ndiye aliyewanunulia vijana wa Vikokotoni jezi na mpira na viatu, mwaka mmoja kabla ya Mapinduzi, na sharti lake lilikuwa moja tu, wakicheza wamvalie jina lake. Wakalivaa. Wakifunga goli watu wanapiga kelele, "Povu! Povu!" na Msabah kwenye kiti chake anacheka mpaka kofia inamwanguka.

Halafu Mapinduzi yakaja. Msabah akaondoka, kiwanda kikafungwa, jezi zikabaki. Mimi ndiye niliyekuwa nikizifua, kwa sababu Simai alikuwa senta fowadi na mkubwa wa timu, na mke wa mkubwa wa timu ndiye mwenye beseni.

Mwaka wa tatu wa Mapinduzi timu ikachaguliwa kucheza uwanja wa Mnazi Mmoja siku ya sherehe. Ndugu Duni, katibu wa kamati ya michezo ya mtaani kwetu, alikuja mwenyewe. Akakaa barazani, kahawa hakuitaka.

"Simai, siku ile wakubwa watakuwepo. Na wapo watakaotazama nani wa kumchukua timu ya kwenda Dar es Salaam. Wewe umo machoni mwao. Lakini huwezi kusimama mbele ya bendera na jina la bepari kifuani."

"Sasa tuvae nini, ndugu yangu? Vitambaa viko wapi?"

"Hayo mtayajua nyinyi. Mimi nnataka nisome MAPINDUZI DAIMA."

Alipoondoka, Simai aliingia ndani akakaa karibu yangu, jambo asilokuwa akilifanya mchana. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Goti la kushoto lilikuwa linamuuma kila akiamka, akinificha, na mimi nikijitia sioni.

"Shemsa," akasema, "hii ndiyo nafasi yangu. Mwakani watataka vijana."

"Utakwenda," nikamwambia. "Niachie mimi jezi."

Tulikuwa na siku tatu. Jezi ya kwanza nilijaribu kuifumua kwa wembe. Uzi ulitoka, na kitambaa kikatoka nao, maana kilikuwa kishachoka kwa jua na kwa mikono yangu. Kazija, jirani yangu, aliinua ile jezi akachungulia kwenye matundu.

"Hiki sasa chandarua," akasema. "Mvalishe golikipa, mbu wasimsumbue."

Basi tukaona tusifumue, tufunike. Tukate vipande vya bafta nyeupe, tushone juu ya jina la Msabah, na juu ya bafta tuandike maneno ya Ndugu Duni kwa uzi mwekundu. Lakini bafta dukani haikuwepo. Watu walikuwa wakipanga foleni kwa habari tu kwamba huenda ikaja.

Mama mkwe wangu, Bi Mwanapili, alikuwa kitandani chumba cha pili, miguu imemvimba, na masikio yake yalikuwa mazima kuliko yetu sote. Akaniita.

"Naam, bi mkubwa."

"Fungua kasha langu. Chini ya kanga zile kuna sanda yangu. Kata."

"Astaghfirullahi! Sanda yako?"

"Kwani nnakwenda kesho? Kata, mwanangu. Nikifa kabla hamjapata nyingine, nifunikeni na jezi."

Kazija alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikachukua mkasi, nikakata. Bafta ya sanda ni nyepesi, haikukusudiwa kuvaliwa na mtu anayekimbia. Nilitaka kuikunja mara mbili kila kipande, nikapima, haikutosha. Nikaishona moja moja. Siku tatu sikulala mchana wala sikupika cha maana. Kazija akichora herufi kwa penseli, mimi nikifuata kwa sindano, na Bi Mwanapili akiuliza kutoka chumbani, "Mmefika herufi gani?"

Siku ya sherehe sisi wanawake tulisimama upande wa barabarani. Wimbo wa taifa ulipopigwa vijana walijipanga, na jezi zilipendeza, wallahi, nyeupe juu ya manjano, maneno mekundu yamenyooka. Ndugu Duni alitazama jukwaani, akatazama vijana, akapumua. Simai alinitafuta kwa macho mpaka akaniona.

Kipindi cha kwanza alifunga goli moja kwa kichwa. Kazija alinipiga bega. "Huyo! Mpakilie sanduku!" Na mimi kweli nilikuwa nishaanza kuhesabu mashati yake, lipi la kusafiria, lipi la kulalia.

Ilikuwa kaskazi, jua kali, na mapumzikoni wakaletewa ndoo za maji. Wakanywa, kisha wakajimwagia kichwani na kifuani, kama wanavyofanya siku zote.

Nimefua nguo tangu nna miaka minane. Bafta ikirowa inavyokuwa, nnaijua kama nnavyoujua mkono wangu. Siku tatu niliishika ile bafta na jambo hilo halikunijia hata mara moja, kwa sababu nilikuwa nikiiangalia ikiwa kavu.

Walirudi uwanjani. Kazija akasema polepole, "Shemsa. Tazama vifua vyao."

Bafta ilikuwa imegandana na jezi. Uzi wangu mwekundu ulikuwa mwembamba, na nyuma yake herufi za buluu, nene, kila moja kama kiganja, zimetokeza. SABUNI YA MSABAH. Vifua kumi. Golikipa peke yake, mwenye chandarua, ndiye aliyesalimika.

Mashabiki wa upande wa pili ndio walioanza kusoma.

"Sa-bu-ni! Oyaa, Msabah karudi!"

"Karudi na povu lake!"

"Povu! Povu! Povu!"

Uwanja mzima ulicheka, hata askari. Na Simai, ambaye hakuwa akijua, aliposikia ule wito wa zamani alidhani wanamshangilia goli lake. Akakimbia mpaka mbele ya jukwaa, akasimama, akanyoosha mikono, akatoa kifua. Alikuwa akiwaonyesha wakubwa MAPINDUZI DAIMA.

Jukwaani hakucheka mtu.

Kesho yake kamati ilikaa kwenye banda la skuli, na watu wa mtaa tukaja kusikiliza. Mimi na Kazija tulisimama mlangoni. Ndugu Duni alikuwa na jezi moja mezani, kavu, na gilasi ya maji. Akaimwagia mbele ya watu. Jina likatoka.

"Hii ni siasa," akasema. "Mtu kaficha jina la bepari ndani, kajua jua litakuwa kali, kajua vijana watajimwagia maji, ili jina litoke mbele ya wageni wetu. Mtu huyo nnamtaka."

"Hapana siasa," Simai akajibu. "Ni kitambaa chepesi."

"Nani kashona?"

"Mimi."

"Wewe? Unajua kushona wewe?"

Watu wakacheka kidogo.

"Nimejifunza," Simai akasema.

Mlango ulikuwa hatua sita kutoka mezani. Nilikuwa na maneno tayari: ni mimi, ni sanda ya mamake, haikutosha kukunja. Kazija alinitazama. Nilifungua kinywa, nikamwona Ndugu Duni anaandika, nikakifunga. Niliogopa. Sina neno jingine la kulipamba hilo.

Walimtoa katika mpira, na wakampeleka Kizimbani, kwenye mashamba ya karafuu, akafanye kazi mpaka watakapoona imetosha. Aliondoka asubuhi na nguo ndani ya kikapu. Mamake alimwombea dua ndefu. Mimi nilimpa chai. Tukatazamana kidogo.

Nyumba ile sikuijua ilivyokuwa kubwa mpaka alipoondoka. Nilikuwa nafua kanga mbili na mashuka ya mgonjwa, na beseni linabaki na nafasi. Vijana wa timu walipata mtu mwingine wa kuwafulia. Wakipita barazani walinisalimia kwa haraka. Kazija alikuwa akija, kisha akawa haji sana, maana kila tukikaa tulikuwa na jambo moja tu la kutolizungumza.

Baada ya miezi miwili nikapanda gari kwenda Kizimbani. Nilikuwa nishakata shauri. Nilimkuta jioni, wanacheza mpira baina ya mikarafuu, upande mmoja wana mashati, upande mmoja vifua wazi. Yeye alikuwa wa vifua wazi. Alikuwa anachechemea na anacheka.

Alipomaliza alikuja akakaa nami kwenye gogo.

"Kesho nnakwenda kwa Ndugu Duni," nikamwambia. "Namwambia ni mimi."

"Kwa nini sasa? Timu ishakwenda Dar na isharudi."

"Ili urudi nyumbani."

Akafuta jasho kwa mkono. Akawatazama wenzake.

"Hapa sivai jina la mtu, Shemsa."

"Umenikasirikia?"

"Sikukukasirikia. Ila siku ile nilikuwa nangoja useme, ili nikukatalie. Nilikuwa nishayapanga na maneno. Ningesema, msimsikilize, huyu mke wangu ananipenda, anataka kunikinga. Nikangoja, nikangoja."

Nikamuuliza, "Na mimi, je?"

"We njoo ukae huku."

"Na mama?"

Bi Mwanapili hakuwa anaweza kushuka ngazi, seuze kupanda gari. Simai alilijua hilo. Aliuchukua mpira akauzungusha mikononi, akawa anautazama ulipochanika mshono, mpaka dereva akapiga honi kuwaita abiria wa mjini.

Kwa Ndugu Duni sikwenda. Nilifika nyumbani magharibi. Mama mkwe alikuwa macho, kageukia mlango.

"Umemwona?"

"Nimemwona. Mzima, anakusalimu."

"Anakuja lini?"

"Ijumaa," nikasema.

Akafurahi, akaniambia nitafute samaki mzuri. Ijumaa ilipofika nikampikia, nikamwambia gari limeharibika njiani, atakuja Ijumaa ijayo. Ilikuwa hivyo mwaka mzima na zaidi. Mwishowe alikuwa haulizi tena. Alikuwa ananitazama tu, na mimi najibu, "Ijumaa."