Bati la Vibanio

Mchungaji alikuwa amefika kwa mke wa Lutu na nguzo yake ya chumvi pale nilipolikumbuka bati la vibanio vya nguo.

Bati lile lilikuwa miguuni pangu garini njia nzima kuja kanisani, likigongagonga kila tulipopita shimo. Nilichukizwa na kelele, basi, sikujiuliza zaidi. Wanasema debe tupu haliachi kuvuma. Hili halikuwa tupu. Lilijaa vibanio mpaka kifuniko hakifungi, na sasa, mikono yangu ikiwa juu ya kitabu cha nyimbo, nikaelewa maana yake.

Mume wangu, Mahlon Dreibelbis, amepaka rangi maghala ya wilaya yetu ya Berks tangu kabla hajanioa. Kuta nyekundu, ukanda mweupe kuzunguka milango, na nyota za kuchorwa juu kabisa, ambako watalii wa Philadelphia huzipiga picha na kumuuliza kama zinafukuza wachawi. "Mapambo tu," huwajibu, nao huondoka wamenuna. Rangi yake huichanganya mwenyewe kwa mafuta ya mbegu za kitani, na mafuta hayo yana ubaya mmoja ambao fundi rangi hufundishwa kabla hajashika brashi. Tambara lililolowa mafuta, ukilikunjakunja ukalitupa pembeni na wenzake, hupata joto lenyewe. Halihitaji kiberiti. Linajipikapika humo ndani mpaka linawaka. Ndiyo maana matambara huanikwa uzioni, moja moja, kama nguo za mtoto, na Mahlon huyabana kwa vibanio ili upepo usiyachukue. Vibanio vikiwa ndani ya bati, matambara hayako uzioni.

Basi yako wapi?

Nilijua yako wapi. Jana, Jumamosi, tulikuwa kwa Wilmer Kistler kupaka ghala lake, ng'ambo ya shamba la mahindi linalopakana na kanisa. Mvua ilitukuta Mahlon akiwa juu ya ngazi. Mimi nilikimbilia kufunga vioo vya gari, yeye akakusanya vitu vyake akaingia navyo ghalani. Ilipokatika nikamwuliza, "Mzee, matambara umeanika?"

"Nimeanika. Unaniona mtoto mimi?"

Nikaridhika. La, nisijidanganye, sikuridhika, nilitaka kuridhika. Kabla ya mvua hiyo alikuwa amesimama kule juu, brashi mkononi, mbele ya nyota ambayo babu yake aliichora kwa ncha ya bikari yake ya kuchorea duara mpaka ubao ukaingia mikwaruzo isiyofutika. Mahlon ameipaka upya mara nyingi kuliko alivyonyoa ndevu. Akanigeukia akaniuliza, "Ncha hii ni rangi gani?" Nikacheka, nikamwambia bluu, wewe mzee unanitania. Hakuwa ananitania. Tangu majira ya baridi alikuwa akisahau hivyo, nami nilikuwa nikimzibia kila tundu watu wasione. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kingeweza kuwa cha ng'ombe wa Wilmer, waliolala sehemu ya chini ya ghala hilo, chini ya nyasi kavu zilizoingizwa wiki hiyohiyo, zikijaa mpaka kwenye paa.

Ghala likiungua, Wilmer hana kitu. Na mume wangu hana jina tena, wala hataaminiwa hata kupaka banda la kuku.

Nilimtazama kule upande wa wanaume. Alikuwa anamsikiliza mchungaji, ametulia, kola yake nimeipiga pasi mwenyewe. Nimwulize vipi kutoka huku? Nipige kelele kanisani, "Mzee, matambara?" Wilmer ameketi karibu naye.

Nikasimama. Kwenye benchi letu kutoka ni lazima upite magoti ya Minerva, mkewe Wilmer, na Minerva hana dogo.

"Unakwenda wapi wewe, katikati ya neno?"

"Tumbo."

"Ni yale mayai yako ya kuloweka kwenye siki. Nilikwambia siki imezidi."

"Nipishe, Minerva."

"Nikusindikize?"

"Keti chini usikilize, unayahitaji hayo maneno kuliko mimi."

Nje nilivua viatu vya Jumapili nikaingia kwenye mahindi. Nimezeeka, sikimbii vizuri, majani yananichanja uso, na njia nzima ninanusa hewa kama mbwa. Sikuona moshi. Nilimshukuru Mungu, kisha nikakumbuka kwamba moto wa nyasi kavu huanzia ndani, ukiuona nje umeshachelewa. Nikaogopa zaidi. Nyota ya bluu na njano ilikuwa imenikodolea macho kutoka juu ya ukuta, rangi yake nusu mbichi.

Mlango wa ghala ni mzito, niliusukuma kwa mgongo. Harufu ilinipokea palepale, kali, kama mafuta yaliyosahaulika jikoni. Gunia la matambara lilikuwa limesukumwa chini ya ngazi ya ndani, limeegemea nyasi. Nilipolishika lilikuwa la moto kama mkate uliotoka tanurini. Nikalikumbatia nikatoka nalo, na hewa ya nje ilipoligusa likaanza kufuka. Niliona wekundu unatembea kwenye tambara la kati. Nikalitupa lote ndani ya hori la kunyweshea ng'ombe, likalia, mvuke ukanijaa usoni.

Nilirudi ndani nikazipapasa nyasi zote za pale, mkono mpaka begani. Zilikuwa baridi. Nikakaa chini kwenye vumbi na gauni langu la kanisani, nikalia kwa sauti, maana hapakuwa na wa kunisikia ila ng'ombe.

Kisha nikafanya nililozoea kufanya. Nikatoa matambara horini, nikayakamua, lililoungua nikalizika kwenye samadi, mengine nikayatundika uzioni, moja moja.

Nilikuwa ninamalizia kuosha uso gari letu lilipoingia, ibada imekwisha, Mahlon akiendesha na viatu vyangu nilivyoviacha kando ya mahindi vikiwa mbele yake, Wilmer na Minerva nyuma yake na lao.

"Tumbo lako limekuleta kwangu?" Minerva akauliza. "Choo cha kanisa kina nini?"

"Nilitaka hewa."

Mahlon alishuka, akautazama uzio, uso ukamfunguka. "Haya! Unaona? Jana ulinisumbua bure. Nilikwambia nimeanika."

"Umeanika, mzee," nikasema.

Wilmer akacheka, akaelekeza kidole juu ukutani. "Na hata usingeanika, nyota ingetulinda."

"Mapambo tu," akasema Mahlon. Akaenda garini kuchukua kofia yake ya kazi, akalikuta bati.

Nilimwona akilifungua. Alivitazama vibanio vilivyojaa. Akayatazama matambara yaliyoning'inia bila kibanio hata kimoja, yanachuruzika maji siku ya jua. Mwisho akanitazama mimi, kiganja changu chekundu kilichounguzwa na gunia, nilichokuwa nimekificha kwenye mkunjo wa gauni. Wilmer na mkewe walikuwa wanabishana kuhusu chakula cha mchana, hawakuona lolote.

Mahlon akaja uzioni na bati lake. Akayabana matambara yote, polepole, akivuta kila moja linyooke, na mikono yake haikusahau kitu. Alipofika la mwisho nilikuwa karibu naye.

"Gunia lilikuwa la moto?" akauliza, bila kunitazama.

Nilitaka kusema hapana. Mdomo ulikuwa tayari.

"Lilikuwa la moto," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akaingiza mkono kwenye koti la kanisani, akatoa bikari ya babu yake, ambayo sikujua kuwa hutembea nayo hata Jumapili, akaiweka kwenye kiganja changu kingine, kisichoungua, akanifumba vidole.

"Kesho utapanda wewe kuipaka nyota," akasema. "Mimi nitashika ngazi." Kisha akamgeukia rafiki yake. "Wilmer! Njoo hapa. Nina jambo la kukwambia kuhusu ghala lako."