Nyasi za Jumamosi

Mume wangu alipofariki, nilihama kijijini Buganguzi nikaja mjini, Hamugembe, kwa kaka yangu. Kila Jumamosi nilitandika sebuleni nyasi mpya za kukalia wageni, nikaweka kahawa ya kutafuna, nikawangoja Wakristo wa jumuiya, wanaosali nyumba kwa nyumba, waje na kwangu. Kwetu Buganguzi mjane haiti watu, wanamjia wenyewe. Mwaka mzima nyimbo zao nilizisikia kwa majirani tu.

Jumamosi moja jirani yangu Anatolia alinikuta nimebeba nyasi. “Mama, kila wiki unamtandikia nani?”

“Ninyi.”

Akashika mdomo. “Yesu wangu! Huku tunangoja kuitwa. Tulidhani hututaki!”

“Basi nawaita.”

Akanitua mzigo, akaenda kuwaambia wenzake. Nilikuwa bado natandika niliposikia nyimbo zikija, safari hii zikielekea mlangoni kwangu.